Wa kidato cha nne tu? Hapana, mtafute na kungwi

Mkuu, umeuliza kama wanawake mtakaowafundisha kuzungukia kaya zenye watoto wadogo, kuzuia utapiamlo, wawe wa kidato cha nne tu. Nimeifanya kazi hiyo Pangani miaka minne, na hicho kidato cha nne changu nusura kiniharibie.

Kupima si kazi. Utepe unazungushwa mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, hapo ni kituo cha afya leo hii. Kuanzia hapo lakini haijafika 12.5 ni njano. Kisha bonyeza miguu yote miwili kwa juu. Ukiondoa kidole pakabaki shimo, huyo "mnene" wenu kavimba kwa utapiamlo. Hata asiyejua kusoma anafuata rangi. (Ila kijani isiwalaze: utepe hauonyeshi udumavu, yaani ufupi usiolingana na umri, na utafiti wa taifa wa 2022 uliukuta kwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5.)

Kazi ni mtoto kutolewa chumbani. Huku pwani mtoto akikonda, nywele zikapauka, watu hawasemi lishe. Wanasema kabemendwa, wazazi hawakutulia wakati ananyonya. Sasa mama gani atamleta huyo uwanjani apimwe mbele za watu? Wiki yangu ya pili nilitaja rangi kwa sauti, mama mkwe kakaa palepale: njano. Akamtazama mkamwana wake, hakusema neno. Kesho yake nilipiga hodi mpaka nikachoka, na moshi wa jikoni nauona.

Aliyefunguliwa ni mwenzangu, mama wa makamo, darasa la nne, lakini kungwi. Wasichana wengi wa mtaa ule kawacheza yeye. Alikwenda kuazima mbuzi. Akakuna nazi yake hapohapo, wanaongea habari za harusi, mtoto akajisogeza mwenyewe kuomba kipande. Akampakata, utepe kautoa kwenye pindo la kanga. Rangi hakuitaja. "Mwanangu, huyu anakula mara ngapi?" Mara mbili, ugali wa muhogo na mchuzi. Baba mvuvi, dagaa wote wanaanikwa na kuuzwa! Akamwelekeza atwange dagaa wakavu, atie kwenye uji pamoja na tui, na amlishe mara tatu au nne kwa siku.

Kubemenda hakukukanusha hata kidogo. Alisema tu, "Dawa yake ndiyo hii." Mimi sikulipenda hilo, hadi leo silipendi, ila mtoto alirudi kijani.

Kwa hiyo wapangeni wawili wawili, mmoja wa kalamu, mmoja wa kufunguliwa mlango. Na posho iwe sawa. Kwetu mjaza fomu ndiye aliyelipwa zaidi, na mwenzangu msimu uliofuata akarudi kwenye mwani wake.