Moto wa Mei si moto wa Oktoba

Ukiniuliza kama pori lichomwe au lisichomwe, nitakuuliza kwanza: pori lipi, na mwezi gani? Nafuga nyuki upande wa Itigi, Singida, na nina shamba Chamwino, Dodoma, na jibu langu kwa sehemu hizo mbili halifanani hata kidogo. Wapo wanaopita vijijini wakisema "msichome" halafu wanapanda gari. Wapo wafugaji wanaosema pori lisipochomwe kupe watawamalizia ng'ombe. Kila upande una lake la kweli, ila wanazungumzia mapori tofauti.

Nianze na miombo, yaani misitu ya wazi yenye nyasi chini ya miti. Shika njia ya Itigi kwenda Rungwa, ukishavipita vichaka vya Itigi, ambavyo nitavirudia, utaingia kwenye mitundu na mininga. Miti hii imezoea moto tangu kale. Mche wa mninga hukauka juu kila kiangazi, miaka kadhaa mfululizo, huku mzizi ukinenepa chini. Mzizi ukishapata nguvu ya kutosha, shina hupanda haraka mpaka ncha yake inazipita ndimi za moto. Baada ya hapo gome linalilinda.

Kwa hiyo kinachoua miombo si moto wowote tu, ni moto wa mwisho wa kiangazi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kwa kawaida Desemba hadi Aprili. Mei na Juni nyasi bado zina ubichi. Moto unatambaa, unaruka sehemu nyingine, na usiku umande unaulaza. Septemba na Oktoba nyasi zimekauka mpaka shinani na upepo wa huku kwetu mnaujua. Tena ndio wakati mitundu inapotoa majani mapya mekundu na maua, kabla hata tone la mvua halijaanguka. Mti umetumia akiba yake, halafu moto unapita na kuyababua yote. Mfuga nyuki anaelewa hapo hapo: maua yakiungua, mzinga utabaki mtupu.

Zambia jambo hili lilipimwa kwa muda mrefu. Karibu na Ndola, mwaka 1933, vilitengwa vipande vya miombo: vingine vikachomwa mapema kila mwaka, vingine vikachomwa mwishoni mwa kiangazi, vingine vikalindwa moto usiingie kabisa. Vya kuchelewa viligeuka mbuga ya nyasi yenye miti michache sugu. Vilivyolindwa vilijifunga vikawa msitu mnene. Vya kuchomwa mapema vilibaki miombo. Mvua, udongo na miti vilikuwa vilevile, tofauti ilikuwa kiberiti kiliwashwa lini.

Sasa vile vichaka vya Itigi. Huko usichome kabisa, si Mei, si Oktoba. Ni vichaka vilivyosongamana, mtu akitembea humo anakuwa ameinama, na chini yake nyasi ni chache mno. Hiyo ndiyo kinga yao: moto unafika pembeni, haukuti cha kula, unakufa. Tatizo linaanza mtu anapofyeka ukingo alime. Mwanga unaingia, nyasi zinaota, na mwaka unaofuata moto una mlango. Kila kiangazi unamega kidogo, na kichaka kikishaliwa hakirudi kwa urahisi. Digidigi aliyekuwa amejificha humo hana pengine pa kukimbilia. Uoto huu haupatikani sehemu nyingi duniani, na sisi tunaupita kwa basi tukisema "mapori tu hayo".

Kuhusu wanyama, moto wa mapema una faida inayoonekana. Siku chache baada ya kuungua, majani mabichi yanachipua, na swala na pofu wanayafuata. Lakini wanahitaji pia pa kujificha, na kobe hawezi kukimbia. Ndiyo maana usichome eneo zima kwa mkupuo. Choma viraka, na kiraka cha mwaka huu kiache kipumzike mwakani.

Chamwino ni habari nyingine. Kule, na Bahi pia, ardhi nyingi imelishwa mifugo mpaka hakuna cha kuungua, na watu hudhani kutokuwa na moto ni afya. Siyo, ni njaa ya udongo. Sasa kisiki hai kimeenea: unachagua machipukizi mazuri kwenye kisiki, unapogoa mengine, unayalinda. Kinafanya kazi kweli. Ila miti ikirudi nyasi nazo zinarudi, na hapo moto uliosahaulika unapata chakula. Chipukizi la urefu wa goti halina gome la kujitetea. Kwa hiyo miaka ya mwanzo moto usiingie kabisa, mpaka matawi yazipite ndimi za moto wa nyasi. Na matawi uliyopogoa usiyarundike chini ya kisiki, yakikauka utakuwa umeuwekea mti wako kuni. Kama bado unaberega, yaani unachoma mabua ya mtama kabla ya kupanda, palilia kwanza ukanda mpana kati ya shamba na visiki vyako. Au bora uyaache mabua yaoze, udongo wetu unayahitaji kuliko jivu.

Ukiamua kuchoma mapema kwenye miombo, anza kwa mtendaji wa kijiji, maana uchomaji una sheria na vibali vyake, na kama ni jirani na hifadhi ya msitu waone watu wa misitu pia. Waambie majirani siku na saa. Choma jioni upepo ukitulia, anzia upande ambao moto utakwenda kinyume cha upepo, baada ya kulima barabara ya moto, yaani ukanda usio na nyasi wa kuuzuia. Jaribu kwanza kipande kidogo. Nyasi zikilipuka badala ya kutambaa, umechelewa, rudi nyumbani. Chini ya kila mti wenye mzinga fyeka na ufagie. Wakati wa kurina, kienge cha nyasi kiache, tumia bomba la moshi, kwani cheche moja ya kienge inatosha kuanzisha moto kichaa.

Asubuhi yake rudi na ndoo za maji. Magogo makavu na mavi ya ng'ombe kwenye maboma ya zamani hushika moto chini kwa chini siku kadhaa bila kutoa mwali, na upepo wa mchana ukivuma yanaamka. Pekua kila gogo kwa jembe na ulimwagie maji, halafu kesho yake pita tena.