Kabla hujaandika kwamba ruzuku huleta ubunifu

Wadogo zangu mnaoanza tasnifu hapa Goma, mliochagua ruzuku za utafiti na kampuni za nishati jadidifu, mimi nilipita njia hiyo nikajikwaa mapema.

Nilichukua kampuni za ng'ambo zilizopewa pesa na serikali, na zisizopewa, nikahesabu hataza, yaani haki za uvumbuzi zilizosajiliwa. Zilizopewa ziliongoza kwa mbali. Nikapeleka kwa profesa huku natabasamu. Akaniuliza: "Mbolea ikigawiwa wenye udongo mzuri tu, mavuno yakija utasifu mbolea au udongo?" Siku hiyo nilirudi mtaani kwangu Katindo kwa miguu.

Dawa niliipata kwa mchumi Sabrina Howell, katika utafiti wake wa 2017 juu ya ruzuku za Wizara ya Nishati ya Marekani. Maombi huko yalipangwa kwa nafasi, naye akawatazama waliosogelea mstari: aliyepita kwa nafasi moja na aliyekosa kwa nafasi moja. Hao karibu wanalingana, kinachowatenganisha ni hela. Ruzuku ya kwanza, dola 150,000, ilipandisha uwezekano wa kupata wawekezaji wa mitaji kutoka asilimia 10 hadi 19. Hataza nazo ziliongezeka, hasa kwa kampuni changa. Ya pili, iliyofika dola milioni 1, haikuvuta wawekezaji zaidi.

Kwa nini ile ndogo? Maelezo yake ni kwamba kampuni iliweza kuunda kifaa cha majaribio na kuona kama kinafanya kazi. Haikuwa sifa ya kutambuliwa na serikali. (Kwetu hapa, tunaopenda mihuri, hilo lisomeni mara mbili.)

Msichanganye pia ruzuku ya utafiti na dhamana ya mkopo. Solyndra, kampuni ya sola ya Marekani iliyofilisika 2011, ilikuwa na mkopo wa dola milioni 535 uliodhaminiwa na serikali, wa kujenga kiwanda. Kuitumia kuhukumu pesa za maabara ni kupima maziwa kwa mita. Hata sheria yetu ya umeme ya 2014, iliyofungulia kampuni binafsi mlango, si ruzuku ya utafiti.

Mkienda kuhoji mafundi wa sola wa hapa mjini, msianze na "Leta (serikali) imewasaidia?" Mtajibiwa kwa kicheko, na mahojiano yameishia hapo. Ulizeni pesa ya kwanza ambayo haikutokana na mauzo waliitumia kwa nini. Mmoja aliinuka bila kujibu, akaniletea saketi tatu zilizoungua, na ya nne inayofanya kazi.