Msithubutu kurekodi kila chombo peke yake

Weee, subirini kwanza. Mnataka kurekodi albamu yenu ya kwanza ya panki, ule muziki wa roki wa kasi na kelele, chombo kimoja kimoja, drams zikifuata metronomu, kile kidude cha kuhesabu mapigo kwa kasi isiyobadilika, "ili itoke safi". Safi ya nini? Mnafua mashuka?

Sisi tulikuwa wanne, akiba ya mwaka mzima mfukoni. Prodyusa mmoja mwenye maneno matamu akatuambia bila metronomu hakuna redio itakayotugusa. Tukamwamini kama mganga. Drams siku tatu, besi baadaye, gitaa wiki iliyofuata, kila mtu na hedifoni zake kama mgonjwa wa karantini.

Sasa mpiga drams wetu ana kaugonjwa: akikaribia kiitikio anaongeza kasi, sisi tunamfukuzia. Jukwaani, hapo ndipo watu walipokuwa wanapandwa na vichaa. Prodyusa akakaa na mausi yake, anavuta pigo moja moja hadi likae kwenye mstari. Kisha akamgeukia mwimbaji. Kulikuwa na neno moja, kila akilifikia sauti inapasuka. Akalinyoosha. Likatoka kama tangazo la dawa ya meno.

Siku ya kusikiliza, mpiga drams akauliza, "Huyu anayepiga ni nani?" Hakuwa anatania.

Miezi sita ikaenda, hela ikaenda. Wimbo ambao watu wanauomba hadi leo ni ule tuliorekodi mazoezini kwa simu iliyotumbukizwa kwenye kiatu. Kile kiatu ndicho prodyusa bora tuliyewahi kuwa naye.

Ramones, bendi ya panki ya Marekani, mwaka 1976 walimaliza albamu yao ya kwanza kwa siku saba: nyimbo 14, haifiki nusu saa. Prodyusa wetu siku ya saba alikuwa bado anatafuta mlio wa dramu ya mguu! Isikilizeni albamu ya kwanza ya The Damned, bendi ya panki ya Uingereza, ya 1977, iliyorekodiwa kwa mashine ya treki nane, yaani yenye njia nane tu za sauti: inakimbia kama imeiba kitu. Kijana anaipendea hapo hapo, anasikia watu wanne wanaokaribia kugongana.

Chumba kimoja, wote pamoja, mnaonana macho. Gitaa likivujia kwenye maikrofoni za drams, liache livuje. Sauti ya mwimbaji tu ndiyo mnaweza kurudia baadaye.

Kama mmeshalipia siku za drams peke yake, mpigieni simu mwenye studio leo leo, mzifute.