Mpango wa kupunguza uzito upime kwa siku mbaya

Nilijua nimenenepa siku niliyoinama kufunga kamba za viatu nikajikuta nimebana pumzi kama mtu anayezama. Nilikuwa na miaka 37, urefu mita 1.70, kilo 91. Miaka kumi nyuma nilikuwa na kilo 71, na ningeapa kwamba hakuna nilichobadilisha.

Nilichukua karatasi nikapiga hesabu. Kilo 20 kwa miaka 10, ukizigawa kwa siku, ni kama gramu tano na nusu kwa siku. Kijiko kidogo cha chai kilichojaa sukari kina gramu nne hivi. Kwa hiyo kila siku mwili wangu ulikuwa ukijiwekea akiba isiyofikia hata uzito wa vijiko viwili vya sukari, kimyakimya, bila kuniuliza. Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa hivyo tangu utotoni. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba kibaba chenyewe kingekuja kuwa tumbo langu.

Basi nikafanya wanachofanya wengi: nikataka kuondoa kwa wiki chache kilichoingia kwa miaka. Wanga nikaupiga marufuku. Chakula cha usiku nikakifuta. Jimu siku sita kwa wiki. Wiki ya kwanza peke yake zilitoka kilo tatu nikajiona shujaa, kumbe sehemu kubwa ilikuwa maji: mwili huhifadhi sukari kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha wanga ghafla, akiba inaisha na maji yake yanaondoka nayo. Mafuta yapo palepale yanakutazama.

Ndani ya wiki saba nilipoteza kilo tisa. Watu walinisifu, suruali za zamani zikaingia. Kisha ikaja wiki moja tu mbaya. Mtoto aliugua, kazini kulikuwa na mzigo wa kufunga hesabu, nikawa napata usingizi wa saa nne tu kila usiku kwa siku tano mfululizo. Jumanne nilikula mkate mtupu nikiwa nimesimama jikoni, nikajiambia "nimeshaharibu, nitaanza upya Jumatatu". Jumatatu hiyo haikufika. Miezi minane baadaye nilikuwa na kilo 94.

Kwa muda mrefu niliamini tatizo langu ni uvivu. Kilichonipunguzia aibu ni kusoma jaribio lililofanyika Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945, chini ya mtafiti Ancel Keys. Vijana 36 wenye afya njema walijitolea kula karibu nusu ya chakula chao cha kawaida kwa miezi sita. Hawakuwa wavivu wala walafi. Lakini walianza kuota chakula, wengine wakawa wanasoma vitabu vya mapishi kama riwaya, na waliporuhusiwa kula tena walikula wasishibe. Kuna waliomaliza wakiwa na mafuta mengi zaidi mwilini kuliko walipoanza. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1994, kundi la Jeffrey Friedman liligundua homoni ya leptini, ambayo hutoka kwenye mafuta yenyewe na kuuarifu ubongo akiba imebaki kiasi gani. Akiba ikishuka haraka, leptini nayo inashuka, na ubongo unapiga king'ora cha njaa. Unaposhindana na njaa ya namna hiyo, unashindana na mashine iliyowavusha babu zako katika miaka ya ukame.

Aliyenigeuza alikuwa mtaalamu mmoja wa lishe. Nilienda kwake na daftari lililojaa mipango, hakulifungua. Akaniuliza swali moja: "Siku yako ikiharibika, unakula nini?" Sikuwa na jibu. Mipango yangu yote ilikuwa ya siku nzuri, siku ambazo mtu kalala vizuri, ana muda na hana mgogoro na yeyote. Akanituma nyumbani niandike kila kitu kinachoingia mdomoni kwa siku kumi bila kubadilisha chochote. Tangu hapo nina kipimo kimoja tu: jambo nisiloweza kulifanya siku mbaya, silianzi.

Daftari lile liliniumbua. Sikuwa mlaji mkubwa mezani. Nilikuwa naonja mno nikipika, namalizia sahani za watoto ("chakula kisitupwe"), na zaidi ya yote nilikuwa nakunywa uzito wangu. Vikombe vitatu vya chai, vijiko viwili viwili: gramu 24. Soda moja ya mililita 330: gramu 35 hivi. Tumefika karibu gramu 60 na bado sijala. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu wa kalori 2,000 ni gramu 50, na bora zaidi ishuke chini ya 25. Na hapa nilibishana sana na mke wangu: juisi ya matunda nayo imo katika hesabu hiyo, hata ukiikamua mwenyewe. Chungwa zima unalitafuna, lina nyuzinyuzi, linakushibisha. Machungwa manne yaliyokamuliwa yanapita kooni kwa nusu dakika, na dakika kumi baadaye unauliza chakula kiko wapi.

Soda niliiacha mara moja, kwa sababu kutokunywa soda ni jambo ninaloliweza hata siku mbaya. Chai nilishindwa. Nikapunguza nusu kijiko kila wiki mbili, na baada ya miezi miwili ulimi ulishasahau. Leo mtu akinitilia vijiko viwili nahisi nakunywa dawa ya kikohozi. Sikukimbilia vidonge vya utamu bandia, na nilifurahi mwaka 2023 Shirika hilohilo liliposhauri visitegemewe kama njia ya kudhibiti uzito.

Jambo la pili lilikuwa vyakula vya pakiti. Kuna utafiti wa Kevin Hall na wenzake wa mwaka 2019 ambao naupenda kwa sababu haukumwamini mtu aseme kala nini. Watu 20 walifungiwa kituoni na kupimiwa kila kitu. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida visivyosindikwa hivyo. Milo yote miwili ilipangwa kuwa na sukari, mafuta, nyuzinyuzi na protini sawa, na kila mmoja aliruhusiwa kula hadi ashibe. Katika wiki za vyakula vya kiwandani walikula wastani wa kalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwenye wiki nyingine walipungua kiasi hichohicho. Hakuna aliyewaambia wapunguze.

Kwa hiyo biskuti na vibanzi vya pakiti havilali nyumbani kwangu. Sisemi haviliwi, tukivitamani tunatoka kwenda kuvila hukohuko. Naijua nafsi yangu: saa nne usiku sina ubavu wa kuikataa biskuti iliyo kabatini, lakini saa nne asubuhi nikiwa dukani, nimeshiba, naweza kuipita bila kuigeukia. Nguvu yangu ndogo naitumia pale inapoweza kutosha. Badala yake jikoni pana mayai yaliyochemshwa, matunda, na maharage yaliyopikwa na kugandishwa kwa mafungu. Hicho ndicho chakula cha siku mbaya. Nikirudi nimechoka, maharage yanapata moto kwa muda uleule ambao ningeutumia kufungua pakiti na kujilaumu.

Mezani kwenyewe sina makubwa ya kusema: nusu ya sahani mboga, protini isikosekane maana ndiyo inayokaa na mtu tumboni, na wanga haukuua mtu. Mafuta ya kupikia napima kwa kijiko, simimini. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa, ya wanga au protini nne, na mkono unaomimina kutoka kwenye chupa haujui hesabu.

Mazoezi nayo. Nilidhani mazoezi ni kifutio: kula, kisha ufute. Sivyo. Nusu saa ya kutembea kwa haraka, kwa uzito niliokuwa nao, ilichoma kalori 150 hivi, yaani soda moja tu. Mtu anayejizawadia chakula kila atokapo jimu anajaza ndoo inayovuja kwa bomba. Lakini kulinda uzito ulioshuka ni habari nyingine. Marekani kuna daftari la kitaifa lililoanzishwa mwaka 1994 na Rena Wing na James Hill, la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mzima au zaidi. Wengi wao wana mambo yanayofanana, na mojawapo ni mwendo mwingi, karibu saa moja kwa siku, hasa kutembea. Mimi sifiki huko kila siku. Nalenga dakika 150 kwa wiki zinazoshauriwa kwa watu wazima, na siku mbili za kunyanyua vitu vizito, kwa sababu unapopungua bila kuitumia misuli, misuli nayo inakwenda. Siku mbaya natembea dakika kumi baada ya kula, basi. Kumi ni kumi.

Usingizi ndio niliouchukulia mzaha zaidi, na ndio ulioniangusha mara ya kwanza. Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 2004 walichapisha jaribio la vijana 12 wa kiume waliopata usingizi wa saa nne tu kila usiku, usiku mbili mfululizo. Leptini, homoni ya shibe, ilishuka kwa asilimia 18. Grelini, homoni ya njaa, ikapanda kwa asilimia 28, na hamu yao ikaelekea kwenye vitu vitamu na vya wanga. Nikaikumbuka ile wiki ya mtoto kuugua na mkate wa Jumanne. Siku hizi simu inalala sebuleni. Kengele ya kuamkia nilinunua ya kawaida, ile ya kupiga kelele.

Utasikia tabia hujengeka kwa siku 21. Watafiti wa University College London walifuatilia jambo hilo na kuchapisha mwaka 2010: wastani ulikuwa siku 66, kukiwa na tofauti kubwa, kuanzia 18 hadi 254. La muhimu zaidi kwangu ni kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Ile "nitaanza upya Jumatatu" iliyonirudisha kwenye kilo 94 haikuwa na msingi wowote.

Kuhusu mizani: mimi hupima mara moja kwa wiki, Jumamosi asubuhi. Kilo moja au mbili za kupanda na kushuka ni chumvi, maji na choo, usizililie. BMI nayo, kile kipimo cha uzito kulingana na urefu, isiwe msahafu. Hesabu hiyo, kilo ukigawa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, ilitungwa karne ya 19 na Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, mtu wa takwimu, si tabibu, aliyekuwa akitafuta wastani wa watu wengi. Haitofautishi misuli na mafuta. Ongeza futi ya fundi cherehani: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mimi natakiwa sentimita 85. Nilianza na 108, niko 92.

Ndiyo, sijafika. Nina kilo 81, BMI 28, bado naitwa mwenye uzito uliozidi. Ilinichukua karibu miaka miwili kushuka hapo, na huu ni mwaka wa tatu nimekaa hapohapo. Presha imetulia, sukari ya damu imerudi chini. Uchunguzi mkubwa wa kuzuia kisukari uliochapishwa Marekani mwaka 2002, wenye washiriki zaidi ya 3,000 waliokuwa katika hatari, ulilenga kupunguza asilimia saba tu ya uzito pamoja na dakika 150 za mazoezi kwa wiki, na waliofuata njia hiyo walipunguza uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili kwa asilimia 58. Asilimia saba ya kilo 94 ni kilo sita na nusu. Wengi wanakata tamaa wakiwa wamekwisha kuvuka hapo, kwa sababu kioo hakijawasifu.

Si kila unene unatoka jikoni. Dawa za steroidi, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri: haya yote huongeza uzito, na ukiona umebadilika haraka bila sababu, kupanda au kushuka, nenda ukapimwe kwanza. Zipo pia dawa mpya za sindano za kupunguza uzito kama semaglutide, zinazofanya kazi kweli. Anayeandikiwa na daktari asione haya, ila ajue kwamba wengi wakiziacha uzito hurudi, hivyo tabia bado zinahitajika. Na kama una mtoto mnene, tafadhali usimpe sahani yake ya peke yake ya adhabu. Badilisha kabati la nyumba nzima, naye atakula mnachokula.

Juzi ilikuwa siku mbaya hasa. Gari liliharibika, nilifika nyumbani saa mbili usiku nikiwa na hasira na kila kiumbe. Nilikula maharage, yai moja na embe, nikatembea dakika kumi na mbili nikinung'unika peke yangu, saa tano usiku nikaenda kulala. Chai ya asubuhi niliweka nusu kijiko cha sukari, kwa sababu nilistahili.