Kwa mafundi wapya: kabla hujabandua kibodi ya Toughbook

Jumanne jioni nilimkuta kijana wetu mmoja ameingiza kisu cha kukatia karatasi chini ya kibodi ya CF-31, ile Toughbook ya Panasonic, kompyuta ya mkononi iliyoundwa kuvumilia kazi ngumu, anaibinua kama mtu anayefungua kopo la rangi. Nilimshika mkono kabla ncha haijafika kwenye flekisi, ule utepe mwembamba wa nyaya unaounganisha kibodi na bodi. Kijana huyo si mzembe. Mteja alikuwa amekaa kwenye benchi akimkodolea macho, na macho ya mteja huwaka kuliko bloa ya hewa moto. Hata hivyo, hii ni mara ya tatu mwaka huu naliona jambo hilohilo kwenye meza yetu, kwa hiyo nimeona niwaandikieni, wadogo zangu, mambo ambayo mimi niliyajua baada ya kuyalipia.

1. Hakikisheni kwanza kwamba taa ya kibodi imekufa kweli. Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi, ya Dell Latitude Rugged, mashine nyingine ngumu za aina hii, kuna mahali pa kuwashia na kuzimia taa ya kibodi, na Fn ikibonyezwa pamoja na C hubadilisha rangi yake: nyeupe, nyekundu, kijani, buluu. Nyekundu hafifu mbele ya mlango wenye jua la saa saba mchana huwezi kuiona, na nimeshuhudia kibodi mpya ikiagizwa Dubai kwa ajili ya mashine ambayo ilihitaji kupelekwa gizani tu.

2. Toeni betri zote. CF-31 inaweza kuwa na betri ya pili kwenye nafasi ya kiendeshi cha DVD, na fundi aliyetoa ile ya kwanza peke yake bado anafanya kazi kwenye bodi yenye umeme. Mkishazitoa, bonyezeni kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15.

3. Gundi iliyo chini ya kibodi ni sehemu ya mashine. Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Mwaka 2014 nilikuwa fundi Mwanza, na mzee mmoja mpimaji wa barabara aliniletea CF-31 yenye kibodi ya mpira inayowaka. Safu moja ya vitufe ilikuwa imekufa na nusu ya taa ilikuwa imezimika. Kubadilisha kibodi hakukunishinda. Nilipoibandua ile ya zamani, tepu nyembamba nyeusi inayozunguka ukingo wake ilichanika, na kipande kama cha urefu wa kidole kikabaki kimeng'ang'ania fremu kwenye kona ya mbele, upande wa kulia. Niliking'oa kwa ukucha nikakitupa. Nilijiambia kwamba kinachoshika kibodi ni skrubu, na kwamba tepu imewekwa ili vitufe visipige kelele mtu anapoandika. Nilipachika kibodi mpya juu ya mabaki ya gundi ya zamani, nikafunga skrubu, nikawasha. Taa ilienea sawasawa kutoka Esc mpaka Enter. Mzee alizima taa ya chumba ili aione vizuri, akacheka kwa furaha, akanilipa bila kuomba apunguziwe hata shilingi.

Wiki tatu baadaye mvua za vuli zilimkuta kazini. Alikuwa akiandika vipimo juu ya boneti ya gari, kama alivyozoea kwa miaka, na mvua ilipoanza hakukimbia. Alifuta kibodi kwa kiganja na kuendelea. Maji yalikusanyika kwenye kona ile niliyoiacha, yakapenya chini ya kibodi na kuifuata flekisi mpaka kwenye soketi yake. Aliniletea mashine ikiwa imeviringishwa kwenye taulo kama mtoto mgonjwa. Nilipofungua nilikuta matone bado yamesimama juu ya bati la chini, pini za soketi zimegeuka rangi ya kijani, na mstari mwembamba wa tope umechora pengo langu kwa urefu wake kamili, kidole kimoja. Diski ilikuwa salama ndani ya kasha lake, na vipimo vya wiki nzima vikapona. Bodi kuu haikupona.

Mzee hakunifokea. Aliniambia tu, "Fundi, mimi sikuiogopa mvua kwa sababu mashine hii haiogopi mvua." Tano iliyo katika alama ya IP65 maana yake ni kwamba mashine ilivumilia maji ya bomba lenye mdomo wa milimita 6.3, yakirushwa kwa lita 12.5 kila dakika. Mzee alikuwa amenunua uvumilivu huo kwa fedha zake, na mimi nilikuwa nimeung'oa kwa ukucha na kuutupa kwenye ndoo ya takataka. Nilimnunulia bodi nyingine iliyotumika na kuilipia kwa miezi minne. Tuliendelea kusalimiana vizuri, lakini mashine zake alianza kuzipeleka kwa fundi mwingine, na alikuwa na haki.

Basi fanyeni hivi. Pasheni ukingo joto kwa bloa ya moto mdogo, joto ambalo mkono wenu wenyewe unalivumilia, kisha inueni kibodi kwa kipande cha plastiki, kidogo kidogo, mkianzia mbali na flekisi. Futeni gundi yote ya zamani kwa alkoholi ya isopropili mpaka kitambaa kitoke cheupe. Bandikeni tepu mpya ya kuzuia maji kuzunguka ukingo wote, na kwenye kona vipande vipandane, visigusane tu.

4. Flekisi ni mbili: pana ya vitufe na nyembamba ya taa. Fungueni kikomeo cha soketi kwa ukucha kabla ya kuvuta, na mnaporudisha, hakikisheni imeingia ikiwa imenyooka, kwa sababu flekisi ya taa iliyokaa upande inaweza kuunguza fyuzi ya taa mara tu mnapowasha. Safu nzima ya vitufe ikikataa baada ya kufunga, rudini kwenye flekisi kabla ya kuilaumu kibodi.

5. Jaribuni kila kitufe, na taa katika kila kiwango, kabla ya kubandua karatasi ya juu ya tepu. Nawasihi sana. Kibodi iliyokwisha kubandikwa ikitolewa tena inaondoka na tepu yake, na tepu hiyo haifai kurudishwa, hata kama mteja ameshasimama na ufunguo wa gari mkononi.

6. Mwambieni mteja muda wa kweli. Tepu ya akriliki huhitaji saa 72 ili ishike kwa nguvu zake zote. CF-31 ya Jumanne iko rafuni, kitabu kizito juu yake, na kijana aliyetaka kuifungua kwa kisu ndiye aliyeikata tepu mpya kwa mkono wake, kona zote nne zikapandana. Mteja ataichukua Ijumaa jioni.