Picha Inayojirudia Ukutani

SWALI: Mhariri wa safu, salamu. Mwezi uliopita niliingia kwenye maonyesho ya sanaa katika nyumba moja ya zamani hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Ndani ya chumba chenye giza kulikuwa na picha iliyorushwa ukutani kwa projekta: mikono ya mvuvi ikishona wavu. Nilisimama nikingoja hadithi ianze, isianze, hadi nilipotambua kwamba ni kipande kilekile kinachojirudia. Hapakuwa na kiti wala karatasi ya maelezo. Je, ile ni filamu ambayo haijakamilika? Nami nina video niliyomrekodi bibi yangu kwa simu akisuka ukili. Nayo yaweza kuitwa sanaa? Msomaji, Dunda, Bagamoyo.

JIBU: Ndugu msomaji, ulichokiona kimekamilika. Ni sanaa ya video, na tofauti yake kubwa na filamu za ukumbini ni muda uko mikononi mwa nani. Kwenye sinema, mtengenezaji hukuketisha, huanza anapotaka na hukuachia anapomaliza. Katika chumba cha maonyesho watu huingia na kutoka wakati wowote, kwa hiyo msanii hutunga kitu ambacho aliyechelewa hapotezi mwanzo wake, kwa kuwa kila anapoingia mtu ndipo pa kuanzia.

Msanii anayetajwa mara nyingi kuwa baba wa sanaa hii ni Nam June Paik, mzaliwa wa Seoul. Mwaka 1963, mjini Wuppertal, Ujerumani, alipanga ndani ya nyumba ya maonyesho televisheni alizokwisha kuzichokonoa ili picha zake zipindepinde. Mojawapo iliharibika, ikabakiwa na mstari mmoja tu wa mwanga uliolala katikati ya kioo. Paik hakuitupa, bali aliigeuza ubavu, na ule mstari ukasimama wima. Hapakuwa na hadithi yoyote pale, lakini mtu aliyezoea kuitazama televisheni ili apate habari alijikuta anautazama mwanga wenyewe, kama tunavyoutazama ulimi wa moto wa kibatari bila kuuliza utaishaje.

Zipo pia kazi ambazo si rahisi mtu kuzimaliza kwa kikao kimoja. The Clock ya Christian Marclay, ya mwaka 2010, ina urefu wa saa 24: maelfu ya vipande vya filamu vinavyoonyesha au kutaja saa vimeunganishwa na kuoanishwa na saa halisi ya mahali, hivi kwamba anayeingia saa tisa alasiri hukuta na kwenye picha ni saa tisa.

Ila kwa sisi wa pwani, kazi ambayo ningetamani sana ifike huku ni Vertigo Sea ya John Akomfrah, mzaliwa wa Accra, iliyoonyeshwa Venice mwaka 2015. Ina viwambo vitatu vilivyopangwa sambamba, nayo huchukua dakika 48 hivi. Uwindaji wa nyangumi, mawimbi, watumwa waliotoswa baharini na wahamiaji wanaovuka maji kwa hatari katika zama zetu, vyote hupita mbele yako kwa zamu na kwa pamoja, na macho hayawezi kuvishika viwambo vyote kwa wakati mmoja. Unapogeukia kimoja, kingine kinakupita, na kukosa huko ni sehemu ya kazi. Nikiwaza mji wetu, ambao watu walifikishwa kwa miguu kutoka bara na kupakiwa majahazini, naona kwamba bahari yetu nayo inastahili kutazamwa hivyo.

Kuhusu kukosekana kwa kiti na maelezo, una haki ya kulalamika. Mwenye maonyesho anapaswa kuandika mlangoni jina la kazi, jina la msanii na urefu wake kwa dakika, na kuweka japo benchi moja, kwa sababu mtu aliyechoka miguu hatazami.

Sasa video ya bibi. Kurekodi peke yake hakutoshi. Swali ni umechagua nini na kwa nini. Usiirushe yote. Tafuta pale ambapo vidole vinaupindisha mwaa mmoja juu ya mwingine, kisha utafute tena mahali mikono iliporudi katika mkao uleule, ukate hapo na pale, na uunganishe ili mshono usionekane. Bibi ataendelea kusuka bila ukili kurefuka, na mtazamaji akikaa kidogo ataligundua hilo mwenyewe. Sauti ya miyaa ikisuguana iache ilivyo, usiifunike kwa muziki, ila ijaribu kwanza ndani ya chumba, maana kuta za mawe hurudisha mwangwi. Kabla ya yote, mkalishe bibi mbele ya picha hiyo, aione, na umuulize kama ameridhia mikono yake itazamwe na wageni.