Baiskeli kwenye barabara za vumbi za Kigoma: hesabu mpando kabla ya kilomita

Anayetoka Tabora huja Kigoma na mazoea ya tambarare. Anaangalia ramani, anaona kilomita 30, anasema saa mbili zinatosha. Huku hazitoshi. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Kalinzi na Buhigwe vinapita mita 1,500. Tofauti hiyo ingekuwa nyepesi kama barabara ingepanda mara moja na kutulia. Haitulii. Inapanda mgongo wa kilima, inashuka bondeni kutafuta daraja, kisha inapanda tena ule urefu uliokwisha kuulipia.

Kwa hiyo pima hivi: kwenye vumbi, saa 1 kwa kila kilomita 12, kisha ongeza saa 1 kwa kila mita 300 za mpando wa jumla. Njia ya kilomita 30 yenye mpando wa mita 900 ni saa 2 na nusu za umbali na saa 3 za mpando, yaani saa 5 na nusu bila kusimama kunywa chai. Mpando wa jumla utaupata kwenye programu yoyote ya ramani inayochora mwinuko wa njia. Pakua ramani kabla ya kuondoka, maana mabondeni mtandao hukatika.

Jua nalo lina saa zake. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi ilhali saa ni ileile ya Dar es Salaam, hivyo linachomoza karibu saa 1 asubuhi na kuzama karibu saa 1 jioni. Utosini linafika saa 7, na joto kali hufuata baada ya hapo. Ondoka saa 12 na nusu, mwanga unapoanza, ili saa 6 mpando mkubwa uwe umeisha.

Sasa baiskeli yenyewe. Wengi huuliza kama lazima iwe ile ya kisasa ya changarawe, yenye usukani uliopinda na tairi za 700C. Si lazima, na kwa mkoa huu baiskeli ya milimani ya mtumba yenye tairi za inchi 26 inaishinda kwa jambo moja: vipuri vyake vinapatikana kwenye maduka ya kawaida. Hapa ndipo wageni hukwama. Rimu ya 700C ina kipenyo cha milimita 622. Ile "28" ya baiskeli kubwa za mizigo, unayoiona kila duka la vijijini, ni 635. Ukinunua tairi ya 28 ukadhani ndiyo yako, itakuwa kubwa kwa milimita 13 na haitakaa kwenye rimu hata fundi afanyeje. Tyubu ya 28 kwa 1½ inaweza kukuokoa ndani ya tairi yako, lakini valvu yake ni nene. Rimu iliyotobolewa kwa valvu nyembamba, tundu la milimita 6.5, haiipokei. Mwombe fundi atanue tundu hadi milimita 8.5 mkiwa bado mjini, alainishe kingo zake kwa tupa, kisha valvu yako nyembamba uivalishe kola ya kuziba nafasi. Ukisubiri mpaka upate pancha kijijini, tundu litatanuliwa kwa msumari wa moto.

Gia ndogo kabisa inapaswa kuwa na meno ya nyuma yanayolingana au kuzidi ya mbele, mfano 32 mbele na 34 nyuma. Kuna mipando ya asilimia 12, yaani unapanda mita 12 kwa kila mita 100, na hapo mwendo ni wa kilomita 5 au 6 kwa saa. Kusukuma si aibu. Wabeba mkaa na mikungu ya ndizi, ambao mapaja yao yanazidi yako, husukuma pia.

Upepo wa tairi: kwa mwendeshaji wa kilo 75 na tairi pana ya milimita 45 hadi 50 yenye tyubu, weka PSI 32 mbele na 36 nyuma. Fundi wa barabarani hupima kwa kidole gumba na atakujazia mpaka tairi iwe jiwe, kwa kuwa amezoea baiskeli ya gunia. Tairi gumu hivyo huruka kwenye mawe na kuteleza konani. Ukipunguza kupita kiasi, rimu inaibana tyubu kwenye jiwe na kuacha matundu mawili sambamba. Ukiyaona mawili, usitafute mwiba, ongeza upepo. Ukiona moja, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi zima kabla ya kurudisha tyubu, maana mwiba bado umo. Kiraka kinachobanduka mara nyingi kimebandikwa solusheni ikiwa mbichi. Sugua kwa msasa, paka nyembamba, subiri dakika 5 mpaka isishike kidole, ndipo ubandike na kugandamiza.

Kupanda kunachosha, ila ajali hutokea kwenye kushuka. Breki za mafuta ni nzuri, lakini zikivuja Buhigwe utarudi kwa gari. Za waya zinatengenezeka popote. Beba waya wa akiba, na uangalie kichwa chake kwanza: mkono wa breki wa usukani uliopinda hutumia kichwa chenye umbo la pea, wa usukani mnyoofu hutumia kichwa cha mviringo kama pipa, na hicho cha pili ndicho kilichojaa madukani. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Usishike breki mfululizo mteremko mzima, bana na uachie. Siku ya mvua mchanga wa udongo mwekundu husaga pedi kama msasa, na seti mpya inaweza kuisha kwa safari moja.

Ukikutana na anayeshuka na mzigo, mpishe wewe. Breki yake huenda ni kandambili iliyokanyaga tairi.

Anza na Ujiji, hapo kusini mwa mji, si kwa ajili ya mpando bali kwa kujaribu baiskeli. Ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, na kumbukumbu ipo. Kusini zaidi, bonde la mto Luiche lina njia za mashamba zenye mchanga na tope. Baada ya hapo elekea Mwandiga. Barabara ya Mwandiga hadi Manyovu, kama kilomita 60, ni ya lami, na watu huidharau kwa sababu hiyo. Itumie kama uti wa mgongo: panda kwa lami kupitia Bitale hadi Kalinzi, kwenye migomba na kahawa, kisha ingia njia za vumbi za vijijini na urudi kwenye lami ukichoka. Ramani itakuonyesha vijia vinavyoshukia Gombe. Viache. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968, huingiwa kwa boti kutoka Kigoma na kutembelewa kwa miguu, kwa kibali. Uvinza na bonde la Malagarasi ni tambarare ya miombo. Ukienda, usivae bluu wala nyeusi, rangi hizo zinawavuta ndorobo.

Mwezi mzuri ni Juni. Mvua zimekwisha, udongo umeshikamana, na vumbi halijawa unga kama la Septemba. Kuanzia Novemba hadi Aprili udongo mwekundu unajaa kati ya tairi na foku mpaka gurudumu linagoma. Ng'oa madigadi, na mvua ikipiga, kaa kibandani mpaka jua liwake kwa muda wa saa mbili tatu. Ukilazimisha, cheni itavuta tope na kuvunja kishikio kinachobeba kihamisha gia cha nyuma, kipuri ambacho hutakipata hata Kasulu.

Ukiuliza njia usiulize umbali, utaambiwa "hapo tu". Mwamkie mtu, kisha uliza kama bodaboda inapita na kama daraja lipo.

Kitambulisho cha NIDA kiwe mfukoni, au pasipoti kwa asiye raia. Mpaka wa Burundi uko karibu na Uhamiaji hukagua barabarani. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, haiingiwi bila kibali, hata kama ramani inapitisha njia katikati yake.

Kurudi kutoka Manyovu au Kasulu, baiskeli hupanda juu ya gari la abiria. Patana nauli yake kabla haijafungwa. Toa gurudumu la mbele, funga kwa mipira ya tyubu kuukuu, na upande wa cheni uelekee juu.